Somo: Tuifanye Simu Kuwa Darasa

Ndugu wafanyakazi,

Mwezi Machi 2020, shule za Rwanda zilipofungwa kwa sababu ya Korona, Bodi ya Elimu ilipeleka masomo ya watoto kwa redio, televisheni na YouTube. Sisi watu wazima wa viwandani na wa mashamba ya chai nasi tunaweza kujifunza hivyo, kwa kuwa makundi ya WhatsApp tunayo. Lakini kupelekeana habari tu si kusoma. Darasa lina utaratibu.

Utaratibu huo ni wa zamani kuliko simu hizi. Mwaka 1973 majirani zetu Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Redio ilileta neno, kikundi kikalifanya kazi.

Tutazame likizo ya uzazi. Sheria ya Kazi Namba 66/2018 ilitoa wiki 12. Mwaka 2023 ilirekebishwa, zikawa wiki 14. Mama akitumiwa picha ya ukurasa wa zamani na kuiamini, atarudi kazini wiki 2 kabla ya haki yake kwisha, na wiki hizo hakuna atakayemrudishia.

Kwa hiyo tufuate haya:

1. Kiongozi wa masomo atume somo moja kwa juma, siku na saa inayojulikana. Liwe ujumbe wa sauti wa dakika 3, kwa Kinyarwanda au Kiswahili, ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma na bando lisiishe.

2. Somo la sheria litaje namba ya sheria, kifungu na mwaka. Lisilo na hayo tusilipitishe kwa wengine.

3. Wenye simu janja wakae na wasio nayo wakati wa chakula. Simu moja yatosha watu 10.

4. Swali lililoshinda kikundi lipelekwe kwa mwakilishi wa wafanyakazi, na jibu lirudi kwa wote.

5. Shida ya mtu na karatasi yake ya mshahara visiwekwe katika kundi. Ujumbe ukishatoka hatujui utafika mkononi mwa nani. Mambo hayo tuyaseme ana kwa ana.

Maswali ya kujadili:

(a) Katika sehemu yetu ya kazi, nani hana simu janja, na nani atakaa naye?

(b) Ni habari gani ya sheria tuliyopokea kwa simu mwezi huu? Ilitaja namba na mwaka?

(c) Sheria inatupa siku ngapi za likizo ya mwaka? Kila kikundi kitafute jibu pamoja na kifungu chake, na kumpa mwakilishi wake.

Umoja wetu ukiwa na elimu, haki zetu hazitapotea.