Nimule Hakuna Msongamano, na Mtihani Uko Hapo



Likizo ndefu inakaribia, na mabwenini nasikia mipango ya kwenda Murchison Falls. Hakuna ubaya. Ila mwaka jana tulikwenda kumi kwenye hifadhi ambayo kila anayeelekea Kampala huipita bila kugeuza shingo, nami nimeombwa nieleze tuliyojifunza. Nitaeleza na nilipokosea.

Nimule ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1954. Ni ndogo, takribani kilomita za mraba 410, mpakani na Uganda, ubavuni mwa Bahr el Jebel, na mto unapofika Fula unabanwa na miamba hadi unanguruma. Kutoka Juba ni lami ya kilomita 192, kwa hiyo mtapunguza swala. Siku ile hatukumkuta mgeni mwingine. Tulikuwa sisi, mwenye boti, askari wa wanyamapori na tembo.

Penye watu wengi mtu huchunga kwa kuona haya. Penye upweke hakuna pipa la taka, hakuna mlinzi kila kona, hakuna atakayekupiga picha ukitupa chupa. Jibril alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ihsani, jibu lilihusu kujua kwamba Mola anakuona hata kama wewe humwoni. Somo hilo tunalihifadhi tangu madrasa, lakini mimi nililielewa kule, nikiwa na ganda la biskuti mkononi na jani refu pande zote.

Kuhusu choo na udhu, msione aibu kulizungumza kabla ya safari. Mtume alikataza kujisaidia kwenye njia, kwenye kivuli wanapopumzika watu, na kwenye maji wanayoyaendea. Wavuvi na kina mama wachota maji wako chini ya mto wakati ninyi mko juu. Chimbeni shimo mbali na maji, mfukie. Udhu chukueni kwa jerikani, pembeni. Ukingoni kuna mamba na kiboko, na askari wetu alimrudisha kwa ukali kijana mmoja aliyekuwa ameshakunja suruali. Huyo huyo askari alikataa tulipomwomba atusogeze karibu na tembo tupate picha nzuri. "Watoto wangu," alisema, "yule ana mtoto. Nanyi mna mama zenu." Tukanyamaza.

Sasa nyama. Tukirudi, tulisimama kando ya barabara. Mtu alikuwa anauza nyama ya swala iliyokaushwa kwa moshi, bei rahisi, nasi tulikuwa na njaa. Mwenzetu mmoja akauliza kama inafaa. Mimi, niliyeteuliwa kuwa amiri wa msafara, nikajibu haraka: swala ni halali, tuseme Bismillahi tule. Nikalipa mimi.

Swala kweli ni halali. Ila sikuuliza alikufaje. Wanyama wengi wa porini hunaswa kwa waya, na aliyekufa kwa kunyongeka ametajwa wazi miongoni mwa walioharamishwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida. Bismillahi ya mlaji haimhalalishi mfu. Sheikh wetu aliponiuliza baadaye nani alichinja, sikuwa na la kusema.

Kuna na jambo la pili, ambalo lingebaki hata kama kisu kilipita vizuri. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023 katika ukanda wa Boma na Badingilo ilikadiria karibu swala milioni 6 wanaohama, wakiwemo milioni 5 wa aina ya masikio meupe, pamoja na nyamera na tohe. Ni uhamaji mkubwa kuliko wa Serengeti, na Badingilo inaanzia jirani na Juba yetu. Wanaoichunga wanasema tishio kubwa ni biashara ya nyamapori. Mnunuzi wa biashara hiyo ni nani? Ni mtu wa mjini mwenye pesa mfukoni, kama mimi siku ile.

Mwenzangu alipinga: maskini wale wauze nini, baada ya vita yote hii? Ni swali la haki. Sina neno na mzee anayewinda mmoja kwa ajili ya watoto wake. Lakini mzigo unaopakiwa kwenye pikipiki kuletwa sokoni si njaa yake, ni oda yetu. Uislamu unaijua ardhi iliyotengwa: Mtume aliitenga Naqi' kuwa hima, na Umar (r.a.) akatenga Sharaf na Rabadha, kwa maslahi ya umma. Pesa ya kumsaidia maskini nilikuwa nayo. Ningenunua embe zake.

Safari hii tutabeba maharage na tende zetu. Nauli ya boti na kiingilio tutalipa bila kuvutana bei. Mvua za likizo huotesha nyasi ndefu, basi msitarajie kuona kila mnyama. Barabara hiyo imewahi kushambuliwa, kwa hiyo tutauliza hali siku moja kabla, tutaondoka baada ya Alfajiri, na giza halitatukuta njiani. Kina dada watakaokuja na maharimu wao watakuwa na gari lao. Majina yanaandikwa baada ya swala ya Ijumaa. Amiri safari hii si mimi.