Ruiru: Jiji ama Kijiji?

Kama una homa ya mitihani basi pole, makala haya hayatahiniwi.

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala. Mada ilikuwa ile ya kila mwaka, eti maisha ya mjini ni bora kuliko ya mashambani. Mimi nilikuwa upande wa mjini. Nilisimama, nikakohoa kidogo kama wanasiasa, nikaanza: "Sisi tunaoishi mjini Ruiru..." Kabla sijafika mbali, mwenzangu mmoja wa upande wa upinzani, mzaliwa wa Kisumu, aliruka juu. "Hoja ya nidhamu, Bwana Mwenyekiti! Ruiru si mji. Ruiru ni kijiji kilicho na matatu nyingi. Jiji ni Kisumu!"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Hata wenzangu wa upande wangu walicheka, wasaliti wale. Mwalimu mlezi wa chama, badala ya kuniokoa, aliniambia, "Kijana, usinune. Nenda ukachunguze, halafu utuandikie." Haya basi, nimechunguza. Likizo yangu yote ya Aprili imeishia hapa.

Nianze na lugha, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Maneno mji, jiji na kijiji ni ndugu wa tumbo moja. Shina lao ni lile lile, -ji. Kidato cha kwanza wanajua kwamba shina la silabi moja likiingia katika ukubwa hupata ji-: mtu huwa jitu, mto huwa jito, mti huwa jiti. Basi mji nao huwa jiji. Katika udogo tunaongeza ki- mbele ya hiyo ji-: kijitu, kijito, kijiti, na kijiji. Kwa hivyo yule ndugu yetu wa Kisumu alinipa udogo akajichukulia ukubwa. Kisarufi hana makosa. Tuone kihesabu.

Katika sensa ya mwaka 2019, Ruiru ilihesabiwa watu 490,120. Kisumu ilikuwa na watu 397,957. Eldoret ilikuwa na 475,716. Miji iliyoipita Ruiru kwa watu katika Kenya nzima ilikuwa mitatu tu: Nairobi, Mombasa na Nakuru, na Nakuru yenyewe ilikuwa na 570,674. Nilipoona hesabu hizi niliruka kitandani! Tena ukirudi nyuma kwa sensa ya 2009 utapata Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Yaani katika miaka 10 mji umejizaa mara mbili na zaidi.

Lakini jiji ni sheria pia. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilisema jiji sharti liwe na watu wasiopungua 500,000. Mwaka 2019 ikarekebishwa, ikashuka hadi 250,000. Baada ya hapo Nakuru ikapewa hati ya jiji mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024. Kisumu ilikuwa imetangazwa jiji tangu 2001. Ruiru imebaki manispaa katika Kaunti ya Kiambu. Watu inao, lakini sheria haitazami vichwa peke yake. Inatazama pia kama kuna huduma, kama mipango ya mji ipo na kama mji unaweza kujisimamia. Hapo ndipo nilipoanza kunywea kidogo.

Nilimwendea shosho yangu. Anaishi nasi hapa Gitothua, na kwa kuwa nimerithi jina la marehemu babu, huniita "mume wangu", hata mbele ya marafiki zangu (tafadhali msicheke). Nikamwuliza, "Shosho, hapa petu ni jiji ama ni kijiji?" Nilidhani atacheka. Alinyamaza. Akaacha kuchambua maharagwe, akaniambia, "Mume wangu, kijiji mimi nakijua. Usiite hapa kijiji."

Kumbe neno ambalo sisi tunalitumia kwa mzaha, kwake lina kidonda. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu kwa nguvu, ikabomoa nyumba zao na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa katika vijiji zaidi ya 800. Shosho alikuwa msichana mdogo wa miaka minane hivi. Anakumbuka filimbi ya asubuhi, na mama yake akienda kuchimba mtaro. Anakumbuka pia saa za kutoka na saa za kurudi. Kijiji hicho wao walikiita gĩcagi. Nilikuwa nimelisoma jambo hili katika kitabu cha Historia nikapata alama nane kwa kumi, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyekuwa humo ndiye anayenipikia chai.

Alipokuwa msichana mkubwa alikuja Ruiru kuchuma kahawa. Hapa ndugu msomaji naomba unisikize kwa makini, maana bila kahawa hakuna Ruiru. Jina lenyewe ni la mto, na wazee hueleza kwamba ni mto mweusi, kutokana na neno la Kikuyu la weusi. Pembeni mwa mto huo na mingine walowezi walifungua mashamba makubwa ya kahawa. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia hapa, na kahawa ikapata njia ya kwenda baharini. Wafanyakazi waliishi katika laini, vyumba vilivyopangwa safu kama mabehewa.

Shosho anasema walikuwa wakiingia shambani kungali na umande. Unafunga debe kiunoni, unachuma zilizoiva peke yake, zile nyekundu. Alasiri mnamwaga mavuno juu ya gunia na kuchambua, kijani huku nyekundu huku, halafu karani anapima kwa debe. Ukichanganya kijani karani anakataa debe lote, na jua lote lile umechomekea bure. Mimi nilimwuliza kama walikuwa wakinywa hiyo kahawa. Alicheka hadi akatoa machozi. Walikuwa wakinywa chai.

Jambo ambalo wengi shuleni hawajui ni kwamba jina la mji wetu linajulikana na wakulima wa kahawa ambao hawajawahi kukanyaga Kenya. Hapa Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, ambacho siku hizi kiko chini ya KALRO. Watafiti wake walihangaika na ugonjwa unaoshambulia tunda la kahawa, unaotia tunda madoa meusi mpaka likaoza likiwa bado mtini. Mwaka 1985 wakatoa aina mpya inayostahimili ugonjwa huo, wakaiita Ruiru 11. Wenzetu wa Kisumu watuonyeshe mbegu inayoitwa Kisumu 11!

Sasa kahawa ilienda wapi? Mwaka wa mavuno wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 128,000. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya nchi mbalimbali yaliyokuwa yakigawa mauzo ya kahawa duniani yalivunjika, bei ikaanguka vibaya. Miaka ya karibuni nchi yetu haijafikisha hata nusu ya mavuno yale. Mwenye shamba karibu na Nairobi akifanya hesabu anaona ekari moja ikikatwa ploti inalipa kuliko ekari ile ile ikibeba kahawa. Halafu Barabara Kuu ya Thika ikapanuliwa, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012, na mtu akaweza kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru. Tangu 2010 hata mji mzima mpya, Tatu City, umekuwa ukijengwa juu ya ekari 5,000 zilizokuwa mashamba ya kahawa.

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo mwalimu alinionyesha katika kamusi nikabaki kinywa wazi. Neno hilo ni kiunga. Tunalitumia tukisema "viungani mwa Nairobi", yaani sehemu za nje ya jiji. Lakini kiunga maana yake nyingine ni shamba la miti ya matunda. Ruiru imekuwa kiunga kwa maana zote mbili, na maana moja imeila nyingine.

Ukitaka kuona historia hii bila kitabu, panda matatu na usikilize makanga akiita vituo. Atakuita Kahawa Sukari na Kahawa Wendani, ingawa hapo huoni mkahawa hata mmoja, mti namaanisha, si hoteli. Wendani kwa Kikuyu ni upendo. Mwihoko ni tumaini. Githurai ya upande wetu inaitwa Forty-Five kwa sababu ya nambari ya gari linalokwenda huko, watu wakachukua nambari ya basi wakaifanya jina la kwao! Mbele kidogo kuna Toll, ambapo zamani magari yalisimamishwa kulipa ada ya barabara. Ada ilikwisha, siku hizi tunalipa kupitia mafuta, lakini jina limekataa kuhama. Na wanaoteremka katika vituo hivyo si Wakikuyu peke yao. Katika ploti tunayoishi kuna Mkamba, Mluhya, Mkisii, Mjaluo na mama mmoja kutoka Mandera, na lugha ya kugombania kamba ya kuanikia nguo ni Kiswahili. Wala si Kiswahili cha kitabuni, lakini kamba inapatikana.

Nimesema ploti tunayoishi. Tunaishi kwa kupanga, na hapa nitaeleza jambo la nyumbani, baba amenipa ruhusa. Miaka kadhaa iliyopita baba alinunua ploti yake mwenyewe kutoka kwa kampuni fulani ya mashamba. Alilipa kidogo kidogo, akaonyeshwa bikoni nne, akapewa karatasi yenye muhuri. Siku ya kupeleka mawe ya kujengea alikuta mawe ya mtu mwingine. Na huyo mtu alikuwa na karatasi yenye muhuri kama ule ule. Walitazamana tu. Hakuna aliyekuwa mwizi kati yao, wote wawili walikuwa wameibiwa. Baba anasema kosa lake ni kutokwenda kwanza kwenye ofisi ya ardhi kuchunguza hati ya shamba ni ya nani. Pesa hazijarudi mpaka leo. Kwa hivyo ukisikia mji umekua mara mbili katika miaka 10, ujue ndani ya hesabu hiyo kuna watu wanaotafuta bikoni zao.

Na maji je? Hapa ndipo nitakapomkubalia yule ndugu wa Kisumu nusu ya hoja yake. Bwawa la Ruiru, lililojengwa wakati wa ukoloni juu kule Githunguri, ni moja ya mabwawa yanayoinywesha Nairobi. Hata stima, mwanzoni mwa karne ya 20 Nairobi ilipata umeme wake kwa nguvu za maji ya mto Ruiru. Tumewasha taa za jiji na kujaza mabirika yake. Lakini kwetu Gitothua mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine unasikia hewa tu ikipiga mluzi. Siku hizo tunamngoja kijana wa mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na jua likizidi naye anazidi. Mwaka 2022 Bwawa la Karimenu II lilizinduliwa kule Gatundu Kaskazini, na Ruiru na Juja ni kati ya sehemu lililokusudiwa. Mitaa mingine imenufaika, majirani wa shangazi yangu wanaoga mchana kutwa. Sisi bomba letu kuu ni lile lile lililowekwa watu wakiwa wachache.

Niliporudi shuleni nilimsomea yule mwenzangu makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hivyo mwatushinda kwa watu tisini elfu na bado mnanunua maji kwa mkokoteni?" Nikasema ndiyo. Akasema hata kwao, karibu na Ziwa Viktoria lenyewe, mama yake hununua maji kwa mtungi. Tukacheka pamoja, safari hii hakuna aliyekuwa mpinzani. Tumeandika barua mbili kwa Kiswahili sanifu, moja ya manispaa yetu na moja ya jiji lao, zote zikiuliza swali moja: bomba la mtaa wetu litapanuliwa lini? Mwalimu mlezi amesahihisha ngeli. Tutazipeleka posta Ijumaa baada ya michezo, na majibu tutayabandika kwenye ubao wa chama.

Shosho naye ameomba asomewe gazeti hili likitoka. Nimemwahidi, ila itabidi niruke ile sehemu ya "mume wangu".