Unyevu katika Nyumba ya Kupanga: Maji Yajulikane Yanakotoka Kabla ya Kununua Rangi

Mvua za masika zinapofika kilele mwezi wa Mei, vyumba vingi vya kupanga hapa Mombasa hutoa harufu ile ile: nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka, godoro zito, ukuta wenye madoa meusi nyuma ya kabati. Mpangaji aliyekwisha kulipa amana na kodi ya mwezi hawezi kuhama kila mwaka kwa sababu ya harufu. Huamua kukifanya chumba kiwe kwake. Hununua rangi, pazia, kapeti ya plastiki na stika za kubandika ukutani. Baada ya miezi miwili rangi imevimba kama malengelenge, stika zimebanduka pembeni, na kapeti ikiinuliwa, sakafu chini yake ni nyeusi. Pesa zimekwenda na maji yapo pale pale.

Somo hili ni la mpangaji huyo. Pazia na rangi si vitu vibaya, ila huja mwisho. La kwanza ni kujua maji yanaingilia wapi, kwa sababu dawa ya unyevu wa aina moja huzidisha unyevu wa aina nyingine.

Maji yanayopanda, yanayoshuka na yanayotoka ndani

Nyumba nyingi za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa matimboni. Jiwe hili lina vitundu vidogo vidogo, nalo hufyonza maji ya ardhini na kuyapandisha kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Fundi mwangalifu hutandaza nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuanza ukuta, ili maji yakome hapo. Pasipo nailoni hiyo, au ikiwa imepasuka, unyevu hupanda mpaka nusu mita au mita moja kutoka sakafuni na kuacha alama iliyolala sawasawa, kama ile ya maji kujaa kwenye nguzo za gati. Chini ya alama hiyo plasta hulegea na kutoa unga mweupe.

Unga huo ni chumvi, na hapa pwani chumvi ni nusu ya tatizo. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa ufuoni, au ambayo saruji yake ilikorogwa kwa maji ya kisima cha chumvi, hubaki na chumvi hiyo ndani ya kuta. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo sababu baadhi ya kuta hutoa jasho hata wakati wa kaskazi, mvua ikiwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, na mwenye nyumba akaapa kwamba hakuna bomba linalovuja. Huenda anasema kweli.

Maji yanayotoka juu au ubavuni ni rahisi kuyatambua. Doa huanzia darini au pembeni mwa dirisha, hukolea baada ya mvua na kufifia jua likiwaka. Mara nyingi chanzo ni msumari uliolegea kwenye bati, mfereji wa paa uliojaa majani, au ufa wa nje. Doa lililo kwenye ukuta unaopakana na bafu, likabaki limelowa mvua iwepo isiwepo, ni la bomba au la sakafu ya bafu.

Aina ya tatu hutengenezwa na wakaaji wenyewe, na wengi hawaifikirii. Mtu mzima aliyelala hutoa takriban robo lita ya maji kwa usiku mmoja kupitia pumzi na jasho. Kila kilo 1 ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa mvuke wa takriban lita 1 na nusu ya maji. Mtungi wa kilo 6 basi humwaga hewani kama lita 9 kabla haujaisha, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Nguo zilizoanikwa ndani huongeza mengine. Katika chumba kimoja ambamo watu wanne wanapika, wanalala na kuanika, dirisha likiwa limefungwa kwa kuogopa mbu na wezi, maji hayo hutua penye baridi zaidi: sakafu ya saruji, pembe za ukuta, na nyuma ya kabati ambako hewa haipiti.

Kipimo cha shilingi chache

Kuna njia rahisi ya kutofautisha maji ya ukuta na maji ya hewa. Mahali penye doa panafutwa mpaka pakauke juu, kisha kipande cha nailoni angavu, upana wa daftari, kinabandikwa pande zote nne kwa utepe wa gundi. Kinaachwa siku mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya ndani. Yakionekana nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Sakafu nayo hupimwa vivyo hivyo. Pande zote mbili zikilowa, ni yote mawili, jambo ambalo si nadra.

Matokeo hayo yafaa kupigwa picha kwa simu, pamoja na tarehe. Yatahitajika baadaye.

Unyevu wa hewa ni kazi ya mpangaji

Hewa ya nje huwa na unyevu mwingi zaidi alfajiri na hupungua mchana. Kwa hiyo dirisha linalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa mtu anapokwenda kazini halisaidii kama linalofunguliwa saa nne mpaka saa kumi jioni. Asiyekuwepo mchana anaweza kumwomba mwenye nyumba aweke wavu na nondo, ili dirisha likae wazi bila hofu. Ikiwa chumba kina dirisha moja tu, mlango ukiachwa wazi kwa nusu saa hewa hupita. Hewa isiyo na pa kutokea haitembei.

Sufuria yenye kifuniko hupunguza mvuke. Kupikia barazani au karibu na dirisha hupunguza zaidi. Nguo za kufua zikikosa jua, ziwe chini ya paa la nje, si juu ya kitanda.

Kabati, kitanda na makochi vikisogezwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ukungu wa nyuma yake hupungua bila dawa yoyote. Godoro halifai kulazwa sakafuni. Chaga za mbao, au hata mbao chache juu ya matofali, hupitisha hewa chini yake, na siku ya jua godoro lenyewe litolewe nje.

Ukungu uliokwisha kuota huoshwa kwa maji, sabuni na brashi, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa na watoto wakiwa nje, kisha ukuta ukaushwe kabisa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe huondoa rangi ya doa, lakini ukuta ukiendelea kulowa ukungu hurudi. Anayeitumia asiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala dawa nyingine: mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Jambo moja halina mjadala. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ili kukausha chumba, hasa usiku. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Ufukizo wa udi nao una raha yake, lakini hufunika harufu tu; ukuta haujui kama umefukizwa.

Kupapamba bila kuyafungia maji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kapeti ya plastiki inayofunika sakafu nzima, stika za ukutani na rangi ya mafuta hufanya kazi moja: huzuia maji yasitoke. Ukuta unaopandisha maji ukipakwa rangi ya mafuta, maji hayakomi. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kupumulia, au husukuma rangi mpaka ibambuke. Plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe huleta shida hiyo hiyo. Nyumba za kale za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe hayo na chokaa, na chokaa hupitisha mvuke: maji yaliyoingia yaliweza kutoka.

Chokaa ya kupaka bado inauzwa, na kwa ukuta wenye unyevu ni bora kuliko rangi nyingi za bei ghali. Ni nyeupe, hukifanya chumba kidogo kionekane kikubwa, na ukali wake huzuia ukungu kuota. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo rangi ya zamani sharti ikwanguliwe. Ichanganywe na kupakwa kwa uangalifu kwani huunguza macho na ngozi. Wapo wanaotia chumvi ndani ya chokaa ili ishike vizuri. Katika ukuta wa unyevu, hiyo ni kuyaalika maji. Anayeegemea ukuta wa chokaa huondoka na mgongo mweupe, na hilo ni la kuvumilia, au kupunguza kwa kutundika mkeka penye kiti, ukiwa umeachana kidogo na ukuta.

Sakafuni, mkeka wa ukindu unashinda kapeti ya plastiki kwa sababu unakunjwa asubuhi na kuanikwa. Leso nzuri iliyotundikwa kwenye fimbo, hewa ikipita nyuma yake, hupamba ukuta bila kuuziba. Picha za familia zining'inizwe juu ya alama ya unyevu, na kwenye ukuta wa ndani badala ya ule unaopigwa na mvua ya kusi. Vyeti vya kuzaliwa, vya shule na kadi za kliniki viwekwe katika mfuko wa plastiki ndani ya sanduku lililoinuliwa. Kuomba nakala nyingine ya cheti ni safari na gharama.

Unyevu wa ukuta na paa ni kazi ya mwenye nyumba

Mpangaji hawezi kuweka nailoni chini ya msingi ambao si wake, wala hapaswi kununua bati. Lakini mwenye nyumba asiyeambiwa hana la kutengeneza. Ombi la mdomo kwa msimamizi wa nyumba husahaulika. Ujumbe wa simu au barua yenye picha, tarehe na maelezo mafupi hubaki. Lugha ya heshima husaidia: "Mzee, shikamoo. Ukuta wa bafu unalowa mchana na usiku tangu mwezi uliopita, nimekutumia picha. Naomba fundi aangalie bomba." Ikiwa wamekubaliana mpangaji atengeneze na gharama ikatwe kwenye kodi, makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi kabla fundi hajaanza, na risiti zihifadhiwe. Kukata kodi bila makubaliano humweka mpangaji pabaya.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero ya kisheria, na afisa wa afya ana uwezo wa kutoa ilani ya kuiondoa. Kwa hiyo mpangaji ambaye maombi yake hayakujibiwa anaweza kumwendea afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo yake, akiwa na picha na nakala za ujumbe. Migogoro ya kodi yenyewe ina baraza lake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ila sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vingi vya mjini leo vimepita hapo.

Afya ndiyo sababu ya kutosubiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani unaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba hizo huugua zaidi matatizo ya kupumua, na pumu yao huzidi. Mtoto anayekohoa kila akilala na kupata nafuu akiwa kwa bibi yake anasema jambo kuhusu chumba. Hata hivyo si kila kikohozi ni cha ukungu: kinachodumu wiki mbili au zaidi kipelekwe kituo cha afya kikapimwe kifua kikuu.

Anayetafuta nyumba mpya aitazame mara baada ya mvua, wala asione haya kuinua kapeti, kusogeza kabati na kugusa ukuta kwa kiganja. Rangi mpya iliyopakwa mita moja tu ya chini, na juu yake rangi ya zamani, ni ya kuuliziwa maswali kabla ya kulipa amana. Majirani wa mlango wa pili hujibu maswali hayo vizuri kuliko dalali.