SOMO: PATRONI MWEMA AKIFA, MFANYAKAZI ANABAKI NA NINI?



Akifa patroni aliyesifiwa kwa wema, maneno huwa mengi. Wengine husema alikuwa baba yetu, wengine husema alikuwa mnyonyaji tu. Sisi wa sendika hatutaki kuishia kwenye kilio wala kwenye matusi. Tunataka kujifunza kupima. Tumechagua mtu mmoja ambaye habari zake zinajulikana. Alitajirika kwa kitu tunachokijua sote hapa Musaga: sabuni.

1. Sifa zake

William Lever alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1851, mtoto wa mwenye duka la vyakula. Mwaka 1888 alianza kujenga kiwanda cha sabuni na mji wa wafanyakazi, akauita Port Sunlight kwa jina la sabuni yake. Siku zile wafanyakazi wengi wa Uingereza walibanana katika vyumba vya giza. Yeye aliwajengea nyumba imara zenye bustani, shule na hospitali. Mwaka 1909 alianzisha mpango wa kuwagawia sehemu ya faida. Mwaka 1918 aliandika kwamba saa sita za kazi kwa siku zinatosha. Haya ni kweli, na tusiyafiche.

Lakini nyumba ilifuata kazi: ukipoteza kazi, unapoteza na nyumba. Yote yalikuwa zawadi ya patroni.

2. Upande wa Kongo

Sabuni inataka mawese. Mwaka 1911 Lever alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo matano makubwa ya michikichi Kongo. Lusanga, katika nchi ya Kwilu, ikaitwa Leverville. Mkataba uliagiza shule na hospitali katika kila eneo, na mshahara usiopungua santimu 25 kwa siku.

Angalieni sana hapa. Waliotia sahihi ni kampuni na serikali. Waliokwea michikichi hawakuitwa. Katika maeneo hayo kampuni ndiyo iliyonunua matunda, tena kwa bei yake yenyewe. Kodi ya kichwa iliwasukuma watu kutafuta franka, na watawala pamoja na machifu waliwalazimisha vijana kwenda kukata ngazi mbali na kwao. Ndugu zetu wa Rumonge wanajua kazi ya kukwea mchikichi: ukianguka mara moja, umekwisha.

Basi mtu yule yule alijenga bustani Port Sunlight, na mawese yake yakatoka katika kazi ya kulazimishwa Kongo.

3. Baada ya kifo

Lever alifariki tarehe 7 Mei 1925, muda mfupi baada ya safari yake ya Afrika. Kampuni yake iliungana na Waholanzi, ikawa Unilever mwaka 1930. Wakati huo uchumi wa dunia ulianguka. Malipo ya matunda yakapunguzwa, huku kodi ikiendelea kudaiwa. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi, na ofisa mmoja Mbelgiji akauawa. Askari wa serikali wakaua Wapende zaidi ya 500. Hawakuwa na sendika ya kuwasemea. Waafrika wa Kongo waliruhusiwa kuunda sendika mwaka 1946, tena chini ya macho ya serikali.

Mwaka 2009 Unilever iliuza mashamba yake ya michikichi ya Kongo kwa kampuni ya Feronia ya Kanada. Nyumba za Port Sunlight zingali zimesimama. Leverville imerudia jina lake, Lusanga.

4. Tunajifunza nini?

Kwanza, patroni asipimwe kwa wale walio karibu naye tu. Muulizeni na yule aliye mwisho wa mnyororo: mkwea mchikichi, mchukuzi, mlinzi wa usiku.

Pili, wema wa moyoni hufa na mwenye moyo, au hugeuka bei inapogeuka. Haki haipasi kutegemea moyo wa mtu.

Tatu, karatasi peke yake haitoshi. Mkataba wa 1911 uliandikwa vizuri, lakini haukuwa na mlinzi upande wa mfanyakazi. Haki inataka maandishi, na inataka watu walioungana kuyalinda.

Hapa kwetu wako wengi wanaofanya kazi kwa patroni mpole. Mtoto akiugua, analipa dawa. Ukifiwa, anatoa sanda. Tunamshukuru. Lakini siku atakapokufa, warithi watafungua daftari, na jina lako lisipokuwamo watakuuliza wewe ni nani. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati wa kudai mkataba ni sasa, patroni mwema akiwa hai, maana yeye ndiye atakayekubali kutia sahihi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, una mkataba wa kazi ulioandikwa? Nakala yako iko wapi?
2. Je, umeandikishwa INSS, na michango yako inapelekwa?
3. Katika yale mnayopewa kazini, yapi ni haki na yapi ni hisani? Andikeni orodha mbili, mje nazo mkutanoni.