Viazi Vitamu Kikaangoni na Samaki wa Feri

Viazi vitamu tumevifungia kwenye chai ya asubuhi na futari ya Ramadhani, kana kwamba haviwezi kubeba chakula cha usiku. Naona tunavinyima haki yao. Mtu anayetoka kazini Posta au Kariakoo, akapitia soko la samaki la Feri kabla ya kupanda pantoni ya Kigamboni, anaweza kufika nyumbani na kila kinachohitajika kwa mlo wa kikaango kimoja unaowashibisha watu wanne. Haya ndiyo wasomaji waliyoniuliza, nami nayajibu kama ninavyopika.

Shikamoo mama. Nikikaanga viazi vitamu kama chipsi, nje vinaungua na ndani vinabaki vibichi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Unavipikia moto wa viazi mviringo. Kiazi kitamu kina sukari nyingi, na sukari huungua kabla kiini hakijaiva. Kwa hiyo kiivishe kwanza kwa mvuke, ndipo ukikaushe.

Menya kilo 1, kata vipande vya mraba vya kama sentimita 2, vyote vilingane. Suuza, kisha vifute kwa kitambaa hadi vikauke. Chukua kikaango kipana na kizito, weka vijiko 3 vya mafuta, moto wa wastani. Tandaza vipande bila kupandana. Kikaango kikiwa kidogo, pika kwa awamu mbili. Nyunyiza chumvi, tia maji robo kikombe, funika dakika 7 au 8. Funua, maji yakauke, utasikia mlio umebadilika kutoka kutokota kuwa kukaanga. Hapo sasa weka mwiko chini. Acha dakika 3 au 4 bila kugusa mpaka upande wa chini ushike rangi ya kahawia, ndipo ugeuze. Wengi wanaolalamika kwamba viazi vimekuwa bokoboko huwa wanavikoroga tu muda wote.

Moto usio mkali una faida nyingine. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, nacho hufanya kazi vizuri kiazi kinapopata joto taratibu, kabla hakijafikia joto la maji yanayochemka. Ndiyo maana kiazi kilichofukiwa kwenye majivu huwa kitamu kuliko kilichotoswa kwenye mafuta yanayofoka.

Ninunue viazi vya aina gani?

Vyenye nyama nyeupe au ya njano, vile tunavyoviita vya unga, ndivyo vinavyosimama vizuri kikaangoni. Viazi lishe, vya rangi ya chungwa, vina maji zaidi na huvunjika upesi, lakini usiviache: rangi ile ndiyo inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, na mafuta ya kikaangoni huusaidia mwili kuipokea. Kazi ya kuvieneza Afrika ilitambuliwa mwaka 2016, watafiti wake, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mimi huchanganya: theluthi mbili vya unga, theluthi moja lishe, na hivi vya lishe nakata vikubwa kidogo.

Ukiwa soko la Kisutu au Kariakoo, usivutwe na ukubwa wa fungu. Shika kimoja kimoja. Kiwe kigumu, kisiwe na matundu madogo ya fukusi. Kilichotobolewa huwa kichungu hata ukate sehemu mbovu.

Dada, nipike na samaki gani? Feri nachanganyikiwa.

Jodari, bila kusita. Nyama yake ni nene, na anayekukatia akikuondolea ule mfupa wa kati, watoto wanakula bila wasiwasi. Nusu kilo inatosha. Mfuko ukiwa mwepesi, nunua vibua, uwakaange wakauke, uwachambue miiba, nyama uiweke pembeni. Ngisi naye anafaa, ila apite motoni dakika 2 tu. Akizidi hapo anakuwa mpira.

Mnada mkubwa ni wa asubuhi. Anayepita jioni anauziwa samaki aliyeshinda juani au kwenye barafu, na tofauti hiyo lazima uijue. Funua shavu: liwe jekundu na la kuteleza. Bonyeza ubavu: nyama irudi. Jodari aliyekatwa asiwe wa kahawia wala asing'ae rangi za upinde wa mvua. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuvimbisha uso, na kupika hakuiondoi. Basi nunua barafu palepale na umfunge samaki nayo, maana foleni ya pantoni huijui itaishia lini.

Nianze na nini, nimalizie na nini?

Samaki kwanza. Mpake chumvi, ndimu, kitunguu saumu kilichotwangwa na binzari kidogo, akae dakika 10. Mkaange vipande vikubwa, dakika 2 kila upande, mtoe. Kikaangoni humohumo pika viazi kama nilivyoeleza. Vikishashika rangi, visogeze pembeni, tia vitunguu 2 na hoho 1, vilainike. Kisha nyanya 2 zilizokatwa na pilipili mbuzi nzima, usiipasue. Nyanya zikitangulia, majimaji yake yanaharibu ukavu wote ulioutafuta.

Sasa matembele. Chagua vichwa vichanga, osha, kung'uta maji, katakata. Mkono mmoja uliojaa kwa kila mlaji. Yatie juu, funika dakika 3, rudisha samaki, geuza mara moja, kamulia ndimu. Kiazi na majani yake vinakutana sahani moja, na ladha zao zinapatana kuliko mchicha ninaoona wengi wakiuweka. Wasiokula samaki wapasulie mayai 4 juu, wafunike mpaka yagande. Anayependa zege, yaani chipsi mayai, ataelewa mara moja.

Mume wangu ana kisukari. Naye ale?

Kwa kiasi, na baada ya kuzungumza na daktari wake. Kiazi kilichochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko cha kuoka, kwa hiyo vyake vichemshe, uvipitishe kikaangoni dakika chache tu. Sahani yake ijae matembele na samaki, viazi viwe robo.

Vinavyobaki niviweke kwenye friji?

Vilivyopikwa ndiyo, kwenye chombo chenye mfuniko, uvile kesho yake ukivipasha hadi vifuke moshi. Vibichi hapana. Baridi ya friji hufanya kiini cha kiazi kigome kuiva. Vitandaze kwenye kikapu, kivulini, hewa ipite, na usivioshe hadi siku ya kuvipika.