Somo la Ndege: Kiraka Kimoja cha Yorkshire Wakati wa Baridi

Wasomaji wakisikia ya kuwa katika Uingereza wako watu wazima, wenye kazi zao na nyumba zao, ambao huondoka kabla ya jua kutoka katika baridi kali, wakaenda kusimama kando ya ziwa ili kuhesabu ndege wasiotaka kuwala wala kuwauza, bila shaka wengi watacheka. Walakini mambo ya watu yafaa yaulizwe sababu yake kwanza, ndipo yachekwe au yasifiwe. Katika somo hili twataka kueleza kazi ya watu hao jinsi ilivyo, na jinsi mtu mmoja mwenye daftari na kalamu awezavyo kujua habari za nchi yake ambazo hata wakubwa wa nchi hawangezijua bila yeye.

1. MAHALI PENYEWE

Mwangalizi wa ndege wa namna hii hasafiri mbali. Huchagua mahali padogo karibu na kwake, ambapo aweza kupazunguka kwa miguu katika asubuhi moja, na hapo hurudi juma kwa juma, mwaka kwa mwaka. Kwa lugha yao hupaita kwa neno lenye maana ya kiraka, kama kiraka cha nguo. Wala si lazima kiraka kiwe mahali pa fahari. Chaweza kuwa makaburi ya kanisa, au bustani ya mji, au ukingo wa mfereji.

Natutwae mfano mmoja. Katika bonde la mto Aire, karibu na mji wa Castleford katika Yorkshire, pana mahali paitwapo Fairburn Ings. Chini ya nchi ile watu walichimba makaa ya mawe kwa miaka mingi. Makaa yalipokwisha kutolewa, ardhi ya juu ilididimia, maji yakaingia mahali palipodidimia, yakawa maziwa. Mawe na takataka za shimoni zikarundikwa zikawa vilima vyeusi. Mtu aliyepita hapo siku zile angesema ya kuwa nchi hii imekwisha haribika. Lakini polepole matete yakaota kando ya maji, na mierebi ikaota juu ya vilima, kisha ndege wakaja. Mwaka 1957 mahali hapo pakafanywa hifadhi, na sasa pako katika ulinzi wa chama cha ndege kiitwacho RSPB. Shimo la mwisho la kina kirefu katika Uingereza nzima, yaani Kellingley, lililokuwa katika Yorkshire hiyo hiyo, lilifungwa mwezi wa Desemba 2015. Wachimbaji wameondoka, na ndege wamebaki.

Chama hicho nacho asili yake ni huko huko kaskazini. Mwaka 1889 mwanamke mmoja, Emily Williamson, alikusanya wanawake wenziwe nyumbani kwake Didsbury, karibu na Manchester, wakaahidiana kutovaa kofia zenye manyoya ya ndege, maana siku zile ndege wengi mno waliuawa kwa ajili ya mapambo ya kofia. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilitoa sheria ya kukataza manyoya ya namna hiyo yasiletwe kutoka nchi za nje.

2. SIKU FUPI NA MAJI YALIYOGANDA

Mwishoni mwa Desemba jua la Yorkshire huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuchwa. Mchana wote ni yapata saa saba na nusu tu. Ndege mdogo hana budi kupata chakula cha kutosha katika muda huo mfupi, ili kiutie mwili wake joto katika usiku mrefu wa zaidi ya saa kumi na sita. Asipokipata, hataona asubuhi.

Kwa hiyo kila ndege ana shauri lake. Yuko ndege mmoja mdogo sana wa rangi ya kahawia, mwenye mkia uliosimama, ambaye hukaa peke yake mchana wote na kuwafukuza wenziwe. Lakini usiku wa baridi kali husahau ugomvi, akaingia nao katika tundu moja wapate kupashana joto. Katika Norfolk mwaka 1969 watu walihesabu ndege 61 wa aina hiyo waliolala katika sanduku moja. Mdiria hupata taabu kuu, kwa sababu maji yakiganda hawezi kuwafikia samaki, na katika miaka ya baridi kali wengi hufa. Bata nao, ziwa likianza kuganda, hukusanyika mahali pamoja palipobaki maji. Katika baridi kubwa ya mwaka 1962 na 1963 ndege wadogo walikufa kwa wingi sana, ikachukua miaka kadha wa kadha kuongezeka tena.

3. WAGENI NA WENYEJI

Labda msomaji atauliza: ikiwa nchi yenyewe ni ya baridi hivyo, mbona ndege huja? Jibu ni hili: kwao ni baridi zaidi. Batamaji wakubwa weupe wenye midomo ya manjano hutoka Iceland, nao huvuka bahari yapata maili 500 ili wafike Uingereza. Bata wa aina nyingi hutoka Urusi na nchi za kaskazini ya Ulaya. Ndege wa jamaa ya mkesha, wenye wekundu ubavuni, huvuka bahari usiku. Na mtu akisimama nje kimya katika mwezi wa Oktoba aweza kusikia sauti zao nyembamba gizani bila ya kuwaona. Asubuhi huwakuta katika miti ya miiba, wakila matunda madogo mekundu. Tena yuko mmoja mwenye utepe wa manjano kichwani, ambaye uzito wake ni gramu 5 au 6 tu, na hakuna ndege mwepesi kuliko yeye katika Uingereza. Hata huyu wengine wa jamaa yake huvuka bahari ile.

Wako pia walioondoka. Mbayuwayu wa Uingereza hayuko wakati huo, kwa kuwa amekwenda Afrika. Zamani watu wa huko hawakujua kwa hakika aendako. Basi mwezi wa Mei 1911 mtu mmoja wa Staffordshire alimfunga mbayuwayu pete ndogo yenye nambari mguuni. Mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu yule yule alionekana shambani Natal, Afrika ya Kusini, na pete yake mguuni. Hivyo jambo lililokuwa likibishaniwa siku nyingi lilipata shahidi.

Na wenyeji nao wako. Ndege mdogo mwenye kifua chekundu huimba hata katika theluji, dume na jike pia, kwa kuwa kila mmoja analinda kiwanja chake cha chakula. Jioni kwenzi hukusanyika juu ya matete kwa maelfu, wakageuka hewani pamoja kama moshi unaopeperushwa na upepo, kisha hushuka wote kwa ghafula kulala. Wengi katika hao ni wageni waliotoka kaskazini na mashariki ya Ulaya.

4. JINSI YA KUHESABU

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Vyombo vyake ni vitatu: darubini, daftari na saa. Mwangalizi hufuata njia ile ile kila mara, ili hesabu ya leo iweze kulinganishwa na hesabu ya jana. Huandika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, upepo na hali ya maji, kisha aina ya ndege na idadi yao.

Ndege wakiwa wachache huhesabiwa mmoja mmoja. Wakiwa wengi, mwangalizi huhesabu kumi kwa uangalifu, akaangalia kumi hao wanaenea mahali pa ukubwa gani. Kisha hupima kundi lote kwa kipimo hicho, kumi, ishirini, thelathini, hata mwisho. Kundi likiwa kubwa sana hupima kwa mia. Akimaliza hurudia kutoka upande wa pili, maana macho hudanganya.

Jambo la pili, huandika pia asichokiona. Akienda penye matete mahali alipozoea kumwona ndege fulani, asimwone, huandika kwamba hakuonekana. Mtu mvivu huona ya kuwa hiyo si habari, lakini huenda ikawa ndiyo habari kubwa kuliko zote za siku ile.

Jambo la tatu, haandiki asichokijua. Na hili twataka kulieleza kwa mfano.

5. NDEGE WAWILI WANAOFANANA

Katika Uingereza wako ndege wadogo wawili, kila mmoja ana kofia nyeusi, mashavu meupe na mgongo wa kahawia. Hufanana kama mapacha. Mpaka mwaka 1897 wataalamu walidhani ya kuwa wote ni aina moja. Ndipo wa pili alipotambuliwa katika ngozi zilizokuwa zimewekwa katika nyumba ya makumbusho. Njia iliyo bora ya kuwatofautisha ni sauti. Huyo wa pili hutoa sauti nzito ya puani, nayo humtambulisha. Basi mwangalizi mwaminifu, akiwa amemwona ndege wala hakumsikia sauti, huandika: mmoja katika wale wawili. Hajitafutii sifa kwa kubahatisha.

Ndege huyu wa pili hupenda vichaka vya mahali pa majimaji, hasa vichaka vichanga vilivyoota penye machimbo ya zamani. Kila mwaka huchimba tundu jipya kwa mdomo wake katika kigogo kilichooza. Fairburn Ings ni mahali pamoja wapo pake. Lakini tangu miaka ya 1970 ndege hawa wamepungua katika Uingereza kwa zaidi ya 90 katika kila 100. Wataalamu hutaja sababu kama hizi: ardhi kukauka, vichaka kukua vikawa misitu mikubwa, na ndege wengine kumnyang'anya tundu lake au kumla makinda.

Sasa tazama hatari yake. Mtu asiyejua akikiona kichaka kile cha mierebi na vigogo vilivyooza, atasema ni takataka, na kifyekwe ili mahali pawe safi. Hakuna atakayemzuia kwa kusema tu kwamba zamani palikuwa na ndege. Machifu na wazee wanajua mambo ya barazani: mwenye kudai mpaka wa shamba bila shahidi wala alama hurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini akiwako mtu mwenye daftari, awezaye kuonyesha tarehe, mahali na idadi kwa miaka ishirini, hapo ndege amepata wakili.

6. MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hilo walilinena kwa wafanya biashara, lakini lafaa na kwa viumbe.

Daftari moja ni kitu kidogo. Nguvu yake hutokea yanapokusanywa mengi. Tangu mwaka 1947 watu wa kujitolea katika Uingereza huhesabu ndege wa maji katika siku zilizopangwa za mwezi, kila mtu kwenye maji yake. Mwaka 1962, watu walipoogopa ya kuwa kilimo cha namna mpya chawadhuru ndege, hesabu nyingine ilianzishwa kwa ndege wa mashambani na msituni. Na tangu mwaka 1979, mwishoni mwa Januari, watu kwa malaki, na watoto wa shule miongoni mwao, hukaa saa moja kuhesabu ndege wa bustanini. Kwa hesabu hiyo imejulikana ya kuwa kwenzi wa bustanini wamepungua kwa zaidi ya 80 katika kila 100. Ambaye huona kundi lile la jioni juu ya matete angeapa ya kuwa kwenzi hawana upungufu wowote. Macho huona wingi wa leo; daftari hukumbuka wingi wa jana.

Tena daftari haileti habari za msiba tu. Yangeyange mweupe, ndege tumjuaye sana, alikuwa adimu huko. Mwaka 1996 mmoja wa aina zake alijenga kiota Uingereza kwa mara ya kwanza, upande wa kusini, katika Dorset. Na sasa huonekana hata Yorkshire wakati wa baridi. Walioandika kila mwaka walimwona akipanda kaskazini hatua kwa hatua.

Walimu wanaosoma somo hili hawana haja ya theluji wala ya batamaji wa Iceland. Kiwanja cha shule, kisima, au mpunga ulio bondeni, kila kimoja chaweza kuwa kiraka. Wanafunzi waandike siku mbayuwayu wanapofika na siku wanapoondoka, na idadi yao, Jumamosi kwa Jumamosi. Mwaka wa kwanza itaonekana kama mchezo. Mwaka wa kumi hapatakuwa na mtu katika wilaya aijuaye habari hiyo kuwashinda.

MASWALI

1. Maziwa ya Fairburn Ings yalitokea kwa sababu gani?
2. Kwa nini ndege wa Iceland na Urusi huja Uingereza wakati wa baridi?
3. Eleza jinsi ya kuhesabu kundi kubwa la ndege.
4. Mwangalizi aandike nini akiwa hakuisikia sauti ya ndege mwenye kofia nyeusi?
5. Kwa nini yafaa kuandika siku ambayo ndege hakuonekana?
6. Taja ndege mmoja wa kijiji chenu ambaye wazee husema zamani walikuwa wengi. Je, kuna mtu aliyeandika idadi yao?