Maana ya Neno "Kughilibu"

Neno hili tunalo Waswahili tangu zamani, lakini siku hizi lasikika kwa nadra, na mahali pake pamewekwa neno "ujanja". Mabadiliko haya si madogo kama yanavyodhaniwa.

Kughilibu ni kupata kitu cha mtu kwa hila, hata akakutolea kwa mkono wake mwenyewe, akidhani atendalo lina kheri naye. Humo ndimo linamotengana na maneno yaliyo jirani yake. Mwizi huchukua nawe hujui. Mnyang'anyi huchukua nawe wajua lakini huwezi. Ama mwenye ghiliba huchukua nawe umeridhia. Ndiyo sababu aliyeibiwa hupiga kelele, na aliyeghilibiwa hunyamaza kwa haya. Na kunyamaza huko ndiko kunakompa yule nafasi ya kumwendea mwingine.

Lina mlio wa neno la Kiarabu ghalaba, yaani kushinda, ambalo msomaji wa Sura ya Rum hukutana nalo mwanzoni, panapotajwa kushindwa kwa Warumi. Ghiliba basi ni ushindi, lakini aliyeshindwa hakujua hata kuwa yumo vitani. Tena katika kulitumia, anayetajwa ni mtu, si kitu. Twasema "shamba limeuzwa", wala hatusemi "shamba limeghilibiwa". Twasema "yatima ameghilibiwa shamba lake".

Natutazame mfano. Vijana wetu wa pwani waendao Nairobi kutafuta kazi, wengine hufikia mitaa ya Eastlands, na alfajiri huwakuta Industrial Area, kwenye milango ya viwanda vya barabara ya Enterprise na ya Lunga Lunga (iko na ya Likoni, jina la kwetu), pamoja na vibarua wa Mukuru, wakingoja kuitwa. Hapo hutokea mtu aliyevaa vizuri, ana karatasi yenye muhuri, na jina la nyapara alijua. Asema nafasi zimebaki mbili tu, zataka ada ya sare na ya kupimwa afya, nazo zitumwe kwa simu sasa hivi. Kijana atuma. Kesho yake nambari haipatikani, na bawabu hamjui mtu huyo.

Wenziwe watamwambia, "Umechezewa ujanja wa mji." Neno hilo hatulikubali. Mjanja kwetu huwa ni sifa; Sungura wa hadithi ni mjanja, na watoto humpenda. Kumwita hivyo mla jasho la kibarua ni kumvisha kilemba. Sheria ya Kenya haikumvisha: kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu chafanya kupata mali kwa uongo kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka 3, na gereza la mahabusu liko papo hapo Industrial Area.

Atasema mtu, "Lakini alitoa kwa ridha yake." La! Sura ya An-Nisaa imekataza kuliana mali kwa batili, ila iwe biashara ya kuridhiana, na ridha iliyojengwa juu ya uongo si ridha. Aliyeuziwa mnyama aliyeachwa makusudi asikamuliwe, ili aonekane ana maziwa mengi, Mtume (s.a.w.) alimpa hiari ya kumrudisha, ingawa bei aliikubali kwa kinywa chake. Basi haki ya kijana yule haikuondoka kwa kutuma kwake, wala aliyeichukua fedha hawezi kuitolea sadaka ikasafika. Njia ni kumrudishia mwenyewe.

Si kila dalali ni mwenye ghiliba. Asemaye wazi, "Nikikupatia kazi utanipa kadha," na kazi ikapatikana kweli, huyo ana ujira wake. Ama fedha apewayo nyapara ili mwenye zamu arukwe ni rushwa, nayo ina mlango wake mwingine.

Mtu mmoja alimshitakia Mtume (s.a.w.) kuwa hughilibiwa katika biashara, akafundishwa aseme, kila auziapo au anunuapo, kuwa pasiwe na hadaa. Ni maneno machache, lakini humlazimu wa pili aseme kweli au aondoke. Kijana aliye mlangoni pa kiwanda naye aseme yake: "Nitalipa nikishaingia kazini, tena ofisini, kwa stakabadhi."